Kitambaa Hakitoki Damu

Sijui alizaliwa mlima gani, wala baba yake aliitwa nani. Kwa miaka yote niliyomfahamu hapa Rwezamenyo, mtaa wetu wa Kigali, aliitwa Brigadia tu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa wa polisi wachache wa komini, yaani wilaya yetu, waliokaa katika kituo cha matofali kilichotazamana na mgahawa wangu. Masheikh walimwita Brigadia. Walevi aliowaburuta kwa ukosi wa shati walimwita Brigadia, tena kwa heshima. Nadhani hata yeye mwenyewe alikuwa amesahau kwamba ana jina lingine.

Alikuwa mrefu na mwembamba, na mabega yake yalipanda juu kidogo, kama ya mtu anayetaka kusema hajui. Alipiga viatu vyake rangi mpaka vikang'aa, kisha akavivaa na kuvuka barabara yetu ya vumbi akinyanyua miguu kama kuku, ili visichafuke kabla hajafika kwangu. Aliogopa mbwa. Polisi mzima, mwenye rungu na filimbi, akimwona mbwa wa jirani anageuka na kuzunguka nyuma ya nyumba. Na kila asubuhi, huku birika likitoa mvuke mbele ya macho yake, aliniuliza swali lile lile:

"Mama Hadija, chai iko?"

"Iko, Brigadia."

"Basi rete."

Kiswahili chake kilikuwa cha kituoni. Kila kitu kilikuwa "iko", na l aliigeuza r apendavyo. Sisi Waislamu wa mtaa huu, tuliozaliwa ndani ya Kiswahili, tulimcheka waziwazi naye akacheka pamoja nasi. Lakini alikisema bila woga, na wakati ule hilo lilikuwa jambo, maana kulikuwa na wakubwa waliokidharau Kiswahili na kukiita lugha ya wahuni wa Nyamirambo, yaani wa huku kwetu.

Sitaki mtu afikiri namsifu malaika. Brigadia alipokea zawadi. Watu wakipigana kwenye pombe, akawapatanisha, mshindi na aliyeshindwa wote wawili walimpelekea chupa ya urwagwa, pombe ya ndizi, naye akazipokea. Ajabu yake ni kwamba baadaye alizirudisha chupa zile akiwa amezisafisha kwa mchanga na maji ya moto, akazikabidhi mlangoni kwa mikono miwili. Mke wake alibaki mashambani akilima, yeye akapanga chumba kimoja nyuma ya msikiti mdogo. Jumapili alikwenda misa. Rozari aliivaa shingoni, ndani ya shati la polisi, na joto likizidi ungemwona akiivuta kidogo kwa kidole ili ngozi ipate hewa.

Kitu alichokipenda kuliko vyote ni bendera. Ile ya zamani, nyekundu, njano na kijani, yenye herufi R kubwa nyeusi katikati. Aliipandisha mwenyewe kila asubuhi, akaishusha mwenyewe jioni. Hakumwachia polisi mwingine, wala hakukubali ifuliwe na mtu. Aliifua chumbani kwake, kwa sabuni yake, akaianika ndani ili watu wasiione ikidondosha maji. Ikipanda, barabara nzima ilipaswa kusimama. Mimi nilisimama na kijiko mkononi. Siku moja, kabla ya vita, mwendesha baiskeli mmoja aliyebeba mkaa alipita bila kusimama. Labda hakuona, labda mteremko ulimshinda. Brigadia alimaliza kuipandisha, akaifunga kamba, akapiga saluti, kisha akamkimbilia, akamzaba kofi lililomwangusha na mkaa wake. Halafu akainama akamsaidia kuokota mkaa, kipande kwa kipande, na viatu vyake vile vikawa vyeusi kwa vumbi la mkaa. Nilimwuliza baadaye kwa nini. Akasema, "Kofi ilikuwa ya bendera. Mkaa ni ya mtu." Wakati ule hata hilo la kofi aliliona sawa.

*

Vita vilianza mwezi wa kumi, mwaka wa tisini. Wapiganaji walivuka mpaka kutoka Uganda, na muda si mrefu hapa Kigali watu wakaanza kukamatwa, kwamba ni vibaraka wao. Ilitosha uwe Mtutsi. Ilitosha uwe na ndugu Kampala, au jirani anayetamani nyumba yako.

Ukuta kwa ukuta na mgahawa wangu alikaa Mama Dezire, mjane, Mkatoliki, muuzaji wa mkaa na vitunguu. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Dezire, kijana mtu mzima aliyetengeneza redio. Chumba chake kilijaa nyaya na vipaza sauti vilivyokufa, na alikuwa na tabia ya kuzungumza na redio kama daktari anavyozungumza na mgonjwa: "Haya, tuambie unaumwa wapi." Watu walisema nyaya zile ni za kuongea na adui.

Waliokuja kumchukua walikuwa wanajeshi wawili, konseye wa sekta yetu, yaani mkubwa wa mtaa, na Brigadia. Ilikuwa asubuhi, naandaa maandazi. Wanajeshi walibaki barabarani. Aliyeingia ndani ni Brigadia, kwa sababu alijulikana na mlango ungefunguliwa kwa sauti yake. Akatoka amemshika Dezire mkono, juu ya kiwiko, si kwa nguvu. Kijana hakuwa na viatu. Mama yake aliwafuata akiwa na viatu mkononi, na Brigadia akamwambia, nami nikiwa nimesimama mlangoni kwangu:

"Usisumbuke, mama. Ni maswali kidogo tu. Jioni iko nyumbani."

Dezire hakurudi jioni ile. Miezi ikapita. Waliokamatwa pamoja naye wakaanza kuachiwa, wamekonda, wengine wamevunjika meno. Mmoja wao alikuja kwa Mama Dezire akakaa kwenye kiti, na mama akaelewa kabla mtu yule hajafungua mdomo. Mwili hatukuupata. Tulikaa msiba bila maiti, Waislamu na Wakristo, kwenye ua wake, katikati ya magunia ya mkaa.

Brigadia hakuja msibani. Aliacha hata kuja kunywa chai. Nilimwona ng'ambo ya barabara akipandisha bendera, akaishusha, akaingia ndani. Aliporudi kwangu hatimaye, hakukaa tena mahali pake pa zamani karibu na mlango. Alikaa mwisho kabisa, mgongo ukiwa upande wa ukuta wa Mama Dezire. Nilimwekea chai, naye akainywa kama dawa.

*

Kisha vikaja vyama. Mpaka hapo tulikuwa na chama kimoja, na kila Mnyarwanda alizaliwa mwanachama. Ghafla vikawa vingi, kila kimoja na kofia yake, na wimbo wake, na bendera yake juu ya mti mrefu kuliko wa jirani. Vijana wa hiki wakapanda kuangusha bendera ya kile, wakaichoma. Vijana wa kile wakalipiza. Na wote, ajabu, walikimbilia polisi.

Hapo ndipo nilipoanza kumsikia Brigadia akisema lile neno lake. Vijana walikuja kituoni wakihema, wameshika kipande cha bendera kilichoungua, wakitaka mtu afungwe. Yeye alikisogeza karibu na macho, akakinusa, akauliza:

"Nani amepigwa?"

"Hakuna, Brigadia. Wamechoma bendera yetu!"

"Mti wamevunja?"

"Mti hapana."

"Mti ya watu wakivunja, nitakuja. Mtu wakimpiga, nitakuja mbio. Hii nunua ingine. Kitambaa hakitoki damu."

Walimtukana wakaondoka. Vijana wa kila chama waliamini kwamba Brigadia ni wa chama kingine, na hiyo ndiyo iliyokuwa amani yake kwa muda fulani. Pale kwangu mgahawani watu walibishana naye. Kulikuwa na karani wa wizara moja kule mtaa wa Kacyiru aliyekuwa akinywa chai kwangu kabla ya kupanda basi la kazini. Yeye alimwambia, "Brigadia, mtu haanzi kwa kuchoma mtu. Anaanza kwa kuchoma kitu cha mtu. Ukinyamaza kwa kitambaa, umemfundisha." Brigadia alifikiri sana siku ile, chai ikapoa. Akasema inawezekana. Akasema pia kwamba ameona yale yanayotokea polisi wanapoanza kumfunga mtu kwa yaliyomo moyoni mwake, na hapo akageuka kuutazama ukuta wa Mama Dezire. Sote tulijua anamwona nani.

Lakini bendera za vyama zilikuwa jambo jepesi. Hakuzipenda. Nilijisemea kwamba ni rahisi kudharau moto unapounguza kisichokuuma.

*

Siku ya sikukuu ya taifa, mwaka wa tisini na mbili, kila mwenye duka aliamriwa kutundika bendera mlangoni, na bendera yenyewe uinunue. Nilitundika yangu. Mama Dezire alinunua yake, akaitundika tangu asubuhi, akakaa chini yake akiuza vitunguu. Jua lilipokuwa juu kabisa, barabara imejaa watu wanaotoka kwenye hotuba, aliinuka, akaishusha, akaiweka juu ya jiko lake la mkaa mbele ya mlango.

Ilikuwa nailoni. Haikuwaka vizuri. Ilijikunja, ikayeyuka, ikatoa moshi mweusi wenye harufu mbaya, nayo R ndiyo iliyokawia. Yeye alisimama akiitazama kama anayesubiri maharage yaive. Watu wakakusanyika. Mwanzo walinong'ona, halafu mtu akapaza sauti, "Kibaraka!", na konseye akafika akitoa jasho ndani ya suti yake ya sikukuu.

"Brigadia! Brigadia yuko wapi? Mkamate huyu! Amechoma nchi!"

Brigadia alivuka barabara. Siku hiyo hakunyanyua miguu, alitembea vumbini tu. Alilitazama jiko, nami nikamwona uso ukimbadilika, kama mtu aliyeonyeshwa mzazi wake akiwa uchi. Kwa kweli niliamini atampiga yule mama. Alipumua. Akavua kofia yake, akaishika kwapani.

"Mama, kitambaa ilikuwa ya nani?"

"Yangu. Nilinunua."

"Moto imegusa nyumba ya mtu?"

"Hapana."

"Umepiga mtu?"

"Sijampiga mtu."

Akamgeukia konseye. "Bwana konseye, mama amechoma nguo yake kwa jiko yake. Mimi naandika nini?"

"Andika uhaini! Andika ameitukana Rwanda! Mbele ya watoto!"

"Mimi naona jiko," akasema Brigadia. "Rwanda siioni hapo."

Mtu katika umati, kijana mwenye kofia ya chama, akamzomea: wewe huipendi bendera. Hapo ndipo nilipomsikia Brigadia akipandisha sauti, mara ya kwanza na ya mwisho.

"Mimi? Naipandisha kila siku tangu wewe hujaota ndevu! Naifua kwa mkono yangu! Imeniuma, imeniuma hapa!" Akajipiga kifua, na rozari ikalia ndani ya shati. "Lakini kitambaa hakitoki damu. Polisi inaitwa pale damu inatoka. Nendeni nyumbani."

Hakuna aliyekwenda nyumbani. Na Mama Dezire, ambaye angeweza kushukuru na kuingia ndani, hakushukuru. Alimtazama usoni, akamwuliza kwa sauti ya kawaida, sauti ya kuuliza bei:

"Mwanangu hakuchoma kitu. Yeye ulimkamata kwa nini?"

Brigadia aliitoa kofia kwapani, akaishika kwa mikono miwili.

"Nilitumwa, mama."

"Na leo hukutumwa?"

"Leo pia nimetumwa," akasema.

Akavaa kofia yake, akarudi kituoni, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kumgusa yule mama siku ile, kwa kuwa wote walikuwa wakimtazama Brigadia mgongoni.

*

Walimvua cheo. Konseye alikwenda kwa wakubwa wa komini, na wiki haikuisha utepe wa cheo begani ukang'olewa, bunduki ikachukuliwa, akawekwa kulinda geti na kufagia veranda ya kituo alichokiongoza. Bendera ilipewa kijana mwingine, aliyeivuta haraka haraka kama anayeteka maji kisimani. Ilipopanda, Brigadia alisimama na ufagio wake, wima. Sisi tuliendelea kumwita Brigadia. Nadhani tulimwita kwa sauti kubwa zaidi.

Mama Dezire hakuwahi kumsalimia. Hakumsema vibaya pia. Asubuhi yeye akifungua mlango, mwenzake akifagia ng'ambo, kulikuwa na barabara tu kati yao, na wote wawili waliitazama hiyo barabara.

Sisi Waislamu wa mtaa tulimpenda kwa lile la bendera. Tulimpenda mpaka zamu yetu ilipofika.

Mwaka wa tisini na tatu, kundi la vijana lilivunja mlango wa chuo chetu cha Kurani, nyuma ya soko. Walikuwa wamegombana na vijana wetu kwa mambo ya chama. Walimpiga mlinzi, wakatoa mabenchi, mbao za kuandikia na misahafu, wakawasha moto. Tulipofika, kurasa zilikuwa zikipaa na kutua juu ya mabati. Kina mama walizikimbilia kwa kanga, wakizidaka hewani. Mimi nilidaka moja, ikasagika mkononi mwangu. Nikalia kama nimefiwa.

Kijana mmoja alikamatwa. Wazee wetu hawakumpeleka kwa mkubwa mpya wa kituo, ambaye hawakumwamini. Walimpeleka kwa Brigadia, pale getini, na ufagio wake.

Akawasikiliza. Akasema, "Mlango amevunja, atafungwa. Mlinzi amepiga, atafungwa. Mabenchi ya watu, atalipa. Nitasema ndani waandike hayo."

"Na msahafu?" akauliza imamu.

"Hiyo hapana."

Wazee walipiga kelele. Wakasema ni kwa sababu yeye ni Mkristo. Wakasema walimheshimu bure. Yeye alisimama tu, mabega juu. Tangu hapo watu wengi wa msikitini hawakumjibu salamu, na alikuwa akiishi nyuma ya msikiti wenyewe.

Kesho yake alikuja kwangu. Nilimwekea chai kwa kishindo.

"Umekasirika, Mama Hadija."

"Nimekasirika. Lile ni neno la Mungu, Brigadia, si nailoni."

"Najua."

"Hujui! Wangechoma rozari yako hiyo, ungesema hivyo hivyo?"

Aliivuta kwa kidole, kama kawaida yake.

"Ningelia, mama. Ningelia sana. Lakini kulia si kazi ya polisi."

"Kwa hiyo mtu achome tu?"

"Simpendi. Sitamsalimia. Nyinyi pia msimsalimie, msimwuzie, msimpe mtoto wenu kuoa. Lakini mkinipa ufunguo nifunge mtu kwa ajili ya kitu takatifu, kesho atakuja mwingine na takatifu yake. Na nani atachagua? Mimi?" Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Mimi nilimchukua yule kijana kwa sababu ya waya ya redio. Waliniambia nchi ni takatifu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mbele yangu. Lakini sikukubaliana naye, na mpaka leo kuna siku nakubali na kuna siku sikubali. Harufu ya karatasi zile sijaisahau.

*

Aprili ya tisini na nne sitaieleza yote. Ndege ya rais ilipoanguka, vizuizi vikawekwa barabarani kabla hatujajua kilichotokea. Kadi yangu ya kitambulisho ilikuwa na neno lililoniruhusu kuishi. Ya Mama Dezire haikuwa nalo. Nilimwomba aje kwangu, apande darini pamoja na wengine waliokwisha kuingia. Akakataa. Alisema amechoka kuondoka, na kwamba kama kuna mtu atakayerudi kumtafuta, atamtafuta pale.

Asubuhi moja nilichungulia kwenye ufa wa mlango, nikamwona Brigadia amekaa mlangoni kwa Mama Dezire, juu ya gunia la mkaa. Alikuwa amevaa sare yake kamili, bila utepe. Hakuwa na bunduki, alikuwa na rungu tu magotini. Hakuna aliyemtuma. Kulikucha akiwa pale, kukachwa akiwa pale.

Wakaja, konseye akiwa mbele, na vijana nyuma yake wenye mapanga na marungu yaliyopigiliwa misumari. Wengine wao niliwahi kuwapa chai bure.

"Ondoka, Brigadia," akasema konseye, si kwa ukali.

"Siondoki. Mtu anataka kuuawa hapa. Hii iko kazi ya polisi."

Konseye akacheka. "Si ni wewe uliyetufundisha kwamba polisi haiitwi kila mahali? Haya, leo haijaitwa."

Brigadia akasimama, akatandaza mikono mlangoni, huku na huku. Ng'ambo ya barabara polisi wengine walikuwa kwenye veranda ya kituo, wameegemea nguzo, wanatazama. Akawaita kwa majina. Aliwaita mmoja mmoja, kama asubuhi za zamani kabla ya kazi. Hakuna aliyeshuka ngazi.

Walimpiga magoti kwanza. Nilisikia. Darini kwangu watu walikuwa wameziba midomo kwa nguo, nami nikaziba wangu kwa mkono. Alianguka lakini hakuachia kizingiti, wakaanza kumpiga mikono. Ndipo mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Mama Dezire alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Alimwangalia pale chini.

"Toka mlangoni, Brigadia," akamwambia. "Sitaki ufe kwangu."

Ni hayo tu. Nimeyageuza maneno yale kwa miaka mingi, nikitafuta ndani yake msamaha, na siku nyingine nikitafuta chuki. Sijaona hiki wala kile. Alimruka, akaingia barabarani kwa miguu yake.

Kitambaa chake cheupe tulikipata. Yeye tulimzika baadaye, mimi na mume wangu, vita vilipopita.

*

Mara ya mwisho nilimwona Brigadia mwishoni mwa mwaka ule. Mji ulikuwa mwingine. Nyumba zilikuwa na watu wapya, waliotoka Uganda na Burundi na Tanzania, na kila mmoja alileta Kiswahili chake. Mgahawa nilikuwa nimeufungua tena. Kituo cha ng'ambo kilikaliwa na askari vijana walioingia na jeshi jipya.

Nilisikia kwamba masista walimwokota na kumtibu. Sikuwa na hakika kama bado yu hai. Kisha adhuhuri moja nikaona kivuli mlangoni, na alikuwa yeye, kwa fimbo, mguu mmoja haukunjiki, vidole vya mkono wa kulia vimeganda. Alivaa koti la mtu mnene. Nilitaka kumkalisha, akakataa.

"Nisindikize kituoni, Mama Hadija. Peke yangu hawatanielewa."

Tulivuka barabara polepole. Ndani kulikuwa na luteni kijana, aliyekulia Uganda, mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nyuma yake seli zilijaa watu mpaka mikono ilitokea kwenye nondo.

"Karibu, mzee. Uko na shida gani?"

"Nimekuja kujishitaki."

Luteni akaweka kalamu chini. "Uliua?"

"Sikuua kwa mkono."

"Ulipora? Ulionyesha wengine mahali watu walijificha?"

"Hapana, afande. Mwaka ya tisini nilimtoa kijana kwa nyumba yake. Nikampeleka kwa gari. Hakurudi."

"Ulikuwa na amri?"

"Nilikuwa nayo."

Luteni alijipangusa uso. Alimtazama yule mzee, mguu wake, vidole vyake, na naamini alimhurumia kwa dhati. "Mzee, hawa unaowaona hapa nyuma wameua watoto. Wewe unaniletea mambo ya kabla. Mlalamikaji ni nani?"

"Mama yake."

"Aje basi."

"Waliua yeye."

"Baba? Ndugu? Mtu yeyote wa nyumba hiyo?"

Brigadia akatikisa kichwa.

"Basi hakuna kesi, mzee. Lazima kuwe na mtu. Nenda nyumbani ukapumzike, umeumia ya kutosha."

Nilidhani ataondoka. Nilikwisha kumshika mkono kumgeuza. Lakini yeye alinigeukia mimi, na uso wake ulikuwa karibu na wangu kuliko wakati wowote wa miaka ile yote.

"Mama Hadija, wewe ulikuwa mlangoni. Ulinisikia nikimwambia mama kwamba jioni iko nyumbani."

"Nilikusikia."

"Basi sema. Hakuna mwingine aliyebaki."

Nikamwambia luteni kwamba huyu ni mtu mwema. Nikaanza kumweleza mambo ya Aprili, jinsi alivyoshika kizingiti. Brigadia akanikatiza, kwa upole, kama anavyokatizwa mtoto anayesoma ukurasa usio wake.

"Hapana, mama. Anza na kijana."

Luteni alitutazama wote wawili, akavuta kiti akaniwekea, akachukua kalamu. Nikakaa. Nikasema kijana aliitwa Dezire, alitengeneza redio, alikuwa mtoto pekee wa mama yake, na alitolewa nyumbani asubuhi bila viatu. Luteni akauliza aliyemtoa ni nani. Nikainua mkono wangu, nikamwonyesha.

"Ndiyo," akasema Brigadia. "Ni mimi."